Maswali na Majibu: Kuchora Mnyama Anayeumia

Maswali ya safari hii yametoka kwa wachoraji, na karibu yote yanauliza jambo moja kwa njia tofauti: mchoraji afanye nini ili anayetazama picha amhurumie mnyama, badala ya kucheka au kugeuza uso?

Nimechora punda aliyelemewa na shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) ya mawe. Nimemtia machozi mawili makubwa, lakini kila anayeiona picha anatabasamu. Nimekosea wapi? (Msomaji, Lamu)

Machozi ndiyo yaliyokuponza. Punda halii kwa huzuni. Jicho lake likitoka maji ni vumbi, inzi au ugonjwa wa jicho, na mtu wa Lamu aliyekua akipishana na punda vichochoroni anajua hivyo hata kama hajawahi kulisema. Akiona yale machozi anaona kikaragosi. Yafute.

Punda ana tabia ya kuficha maumivu, kwa hiyo alama zake ni ndogo na inabidi uzijue moja moja. Kwa ndugu yake farasi, watafiti wa mifugo walitoa mwaka 2014 kipimo cha maumivu usoni chenye alama sita, na kinamfaa sana mchoraji. Masikio hukakamaa yakielekea nyuma. Jicho hufumbwa nusu. Ngozi juu ya jicho hukaza hadi umbo la mfupa linaonekana. Misuli ya taya hujitokeza. Midomo hubanwa na kidevu kikachomoza. Tundu za pua hukaza na kupanuka kidogo. Kwa punda tazama zaidi masikio na jicho: masikio yake marefu hushuka pembeni na kuacha kugeuka kufuata sauti, na kope la juu huteremka.

Nukta nyeupe ya mwanga ndani ya jicho huharibu picha nyingi. Wachoraji huiweka kubwa na katikati, na papo hapo mnyama anakuwa mchangamfu. Mnyama anayeumia kope limemshukia, kwa hiyo nukta hiyo ikatwe na kope, iwe ndogo, na isiwe nyeupe safi. Changanya nyeupe na kijivu cha rangi iliyomzunguka.

Halafu miguu. Punda mzima hupumzisha mguu mmoja wa nyuma kwa zamu, hivyo mguu wa nyuma uliokunjwa hauelezi lolote. Mguu wa mbele ndio wenye habari. Ukimchora amesogeza kwato moja mbele, inagusa ardhi bila kubeba uzito na bega la upande huo limelegea, anayejua punda atashtuka kabla hajajua kwa nini ameshtuka.

Vidonda navyo viweke mahali vinapotokea kweli: pale shogi inapogandamiza uti wa mgongo, juu ya mabega, na chini ya mkia panapopita kamba. Kidonda cha matandiko hakina damu nyingi. Ni duara lisilo na manyoya, la rangi ya waridi iliyofifia, ukingo wake umekauka. Manyoya yakiota tena juu ya kovu la zamani mara nyingi huota meupe. Vidoa vitatu vyeupe mgongoni vinatosha kueleza miaka ya kazi.

Je, ni kosa kumpa mnyama hisia za kibinadamu? (Msomaji, Arusha)

Si kosa kumpa hisia. Kosa ni kumpa uso wa binadamu.

Mfano mzuri ni mchoraji wa Uingereza Edwin Landseer. Mwaka 1837 alichora mbwa wa mchungaji mzee aliyefariki. Picha ni ndogo, kama sentimita 46 kwa 61, na iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Chumba kitupu, jeneza, blanketi, fimbo sakafuni, miwani na Biblia juu ya kigoda. Mbwa ameegemeza kichwa juu ya jeneza. Mhakiki John Ruskin aliisifu picha hii mwaka 1843, na kati ya alivyosifu ni mwili: kifua kilivyogandamana na mbao, makucha yalivyolivuta blanketi, kichwa kilivyolala bila nguvu. Mbwa hakunji uso kama mtu. Anafanya kitu ambacho mbwa hufanya.

Landseer huyo huyo, katika kazi nyingine, aliwapa wanyama macho ya watu, na wakosoaji walimlaumu tangu zamani. Ukitaka kujua umevuka mpaka, funika mwili wote kwa karatasi uache uso tu. Kama uso peke yake unaonekana kama wa jirani yako aliyefiwa, punguza. Mbwa ana ruhusa kidogo zaidi, kwa sababu kweli ana msuli unaoinua nyusi kwa ndani, ambao mbwa mwitu wa Ulaya karibu hana. Ng'ombe na mbuzi hawanyanyui nyusi hivyo. Usiwanyanyulie.

Nataka kuchora ng'ombe aliyeanguka wakati wa ukame. Nimejaribu mara nne na kila mara anaonekana kama anapumzika. (Msomaji, Marsabit)

Shida yako ni namna anavyolala, na hilo linarekebishika.

Ng'ombe akiinuka huanza nyuma. Hupiga magoti ya mbele, huinua makalio, ndipo husimamisha miguu ya mbele mmoja baada ya mwingine. Mbuzi na kondoo hufanya vivyo hivyo, na ngamia pia hutanguliza sehemu ya nyuma. Farasi na punda ni kinyume: hutanguliza miguu ya mbele. Wachoraji wengi waliojifunza kwa picha za farasi za Ulaya humchora ng'ombe akijikongoja kwa miguu ya mbele huku ameketi kama mbwa, na mfugaji akiiona anajua mchoraji hajawahi kukaa zizini. Kwa hiyo dakika yenye uchungu kwa ng'ombe wako ni ile ya magoti: magoti ya mbele yako chini, makalio yameinuka nusu na yanayumba, shingo imenyooshwa mbele ili kusaidia uzito. Hapo mtazamaji anajua anajaribu, na anaona kwamba hataweza. Mnyama anayejaribu huuma moyo kuliko aliyekata tamaa.

Ukitaka aliyekwisha shindwa, mlaze kifudifudi juu ya kidari, kichwa kimegeuzwa nyuma kuelekea ubavuni. Ng'ombe mwenye afya naye hulala hivyo akisinzia, lakini kwa muda mfupi. Tofauti utaionyesha kwa mambo haya.

Jicho limezama: acha mwanya mwembamba wa kivuli kati ya jicho lenyewe na kope la chini. Pua ya ng'ombe mzima huwa na unyevu unaong'aa, kwa hiyo usitie mng'ao wowote puani. Pua kavu, ya kijivu, yenye mipasuko midogo, ni dalili ya kiu ambayo kila mfugaji huisoma. Nundu imepungua na kuegemea upande. Shimo lililo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga limekuwa la kina, na mifupa miwili ya pembeni mwa mkia imechomoza.

Mbavu zinahitaji uangalifu. Ng'ombe ana jozi 13, na anayetaka kuonyesha njaa huzichora zote kama chanja cha kuchomea nyama. Zile za mbele hazionekani, hata mnyama akikonda namna gani, kwa kuwa ziko chini ya bega. Chora sita au saba za nyuma, na usizipe uzito sawa: mbili ziwe kali, nyingine zififie. Mwanga uchague wa saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, unaopita ubavuni kwa mlalo na kutia kivuli nyuma ya kila ubavu. Jua la saa sita hulainisha ubavu na kuupeleka uchungu wote mgongoni.

Ardhi usiipasue mno. Nyufa za udongo zimechorwa mara nyingi hadi zimekuwa kama mapambo. Alama za kwato zilizozunguka pale pale alipoangukia, zikionyesha alivyohangaika, zina nguvu zaidi, na hazihitaji zaidi ya dakika kumi za kazi kwa mkaa.

Damu niweke kiasi gani? (Msomaji, Mwanza)

Chini ya unavyofikiri. Nyekundu huvuta jicho kuliko rangi zote, na jicho likishavutwa na damu haliendi tena usoni kwa mnyama. Mtazamaji anahisi kinyaa badala ya huruma, naye mwenye kinyaa hugeuka.

August Friedrich Schenck, aliyezaliwa Holstein na kufanya kazi Ufaransa, alichora karibu mwaka 1878 kondoo jike amesimama juu ya mwanawe aliyekufa thelujini, kunguru wamewazunguka pande zote. Kanvasi ina upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, na leo iko Melbourne, katika jumba la National Gallery of Victoria. Damu yake yote ni mchirizi mdogo kutoka mdomoni mwa mwanakondoo. Uchungu umewekwa kwingine: mama amefumbua kinywa na pumzi yake inaonekana kama mvuke hewani. Hatusikii mlio, ila tunauona. Na duara la wale kunguru halina haraka. Wanangoja.

Francisco de Zurbarán, huko Hispania miaka ya 1635 hadi 1640, alikwenda mbali zaidi. Alichora kondoo aliyefungwa miguu yote minne, amelazwa juu ya meza dhidi ya giza, bila tone la damu. Fundo la kamba linatosha.

Ukiamua kuweka damu, ijue. Mbichi ni nyekundu ya kadmiamu (nyekundu angavu) yenye krimsoni (nyekundu iliyokolea) kidogo. Ikianza kukauka, ongeza kahawia ya amba hadi ikaribie rangi ya kutu. Damu ya rangi moja huonekana kama rangi iliyomwagika, kwa hiyo kingo ziwe nyeusi zaidi kuliko katikati. Kwenye manyoya haitiririki kama kwenye ngozi ya mtu. Hugandisha manyoya yakawa vishungi vyenye ncha, na vishungi hivyo ndivyo vya kuchora. Kwenye ngozi nyeusi ya ng'ombe hutaona wekundu kabisa, utaona unyevu unaong'aa tu.

Kabla hujaianza damu, malizia picha nzima kwa kijivu na kahawia, iache ikauke, kisha bandika kipande cha karatasi nyekundu cha ukubwa wa ukucha mahali unapopanga damu iwe. Rudi nyuma hatua sita. Mara nyingi utakuta ukucha mmoja umezidi.

Kuna picha ya Goya ya mbwa ambayo karibu yote ni tupu. Kwa nini inaumiza hivyo, na mimi nawezaje kufanya kitu kama hicho? (Msomaji, Nairobi)

Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, aliichora kati ya 1819 na 1823 ukutani mwa nyumba yake nje ya Madrid, pamoja na zile nyingine ziitwazo Picha Nyeusi. Baadaye zilibanduliwa ukutani zikahamishiwa kanvasi, na kazi hiyo iliharibu rangi. Leo iko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Urefu wake ni kama sentimita 131, upana 79. Jina inalojulikana nalo hakulitoa Goya mwenyewe.

Kinachoonekana ni kichwa cha mbwa tu, kimechomoza juu ya mteremko wa kahawia, macho yametazama juu, masikio yamelala nyuma. Juu yake ni uwanja mrefu wa manjano iliyochakaa. Hatujui kama anazama, amejificha au anamngoja mtu. Nguvu yake imo hapo hapo: jicho la mtazamaji hufuata jicho la mbwa kwenda juu, halikuti kitu, linarudi, linapanda tena.

Kujaribu, chukua karatasi uchore visanduku kumi vidogo vya sentimita 4 kwa 6. Katika kila kimoja weka kichwa cha mnyama kwa ukubwa tofauti na mahali tofauti, ukianza na kichwa kinachojaza nusu ya kisanduku hadi kile cha ukubwa wa punje ya mahindi. Tumia rangi mbili tu, ya giza na ya mwanga. Utagundua kwamba kichwa kikiwekwa katikati kabisa huonekana salama. Kishushe, kisogeze upande mmoja, na mkate mnyama kwa kitu: ukuta, tope, ukingo wa picha wenyewe. Mwili usioonekana mtazamaji huujaza kwa hofu yake.

Uwazi nao ni kazi. Wengi huupaka rangi moja bapa, na ukuta ule mfu huua picha. Upake tabaka tatu nyembamba, mojawapo yenye joto la manjano, nyingine yenye ubaridi wa kijivu, na uache michirizi ya brashi ionekane. Kama unatumia rangi za mafuta, tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu, la sivyo la juu litapasuka. Akriliki hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyo mbichi, kwa hiyo changanya iwe angavu kuliko unavyotaka.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Kwenye picha ya kuchinja mbuzi, niwaweke watu au niwaache? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Waweke, lakini kila mmoja awe na kazi.

Joseph Wright wa Derby, mchoraji wa Uingereza, alichora mwaka 1768 picha kubwa, mita 1.83 kwa 2.44, iliyoko National Gallery ya London. Ndani yake mtaalamu anaonyesha pampu ya hewa: ndege mweupe, kakatua, yumo ndani ya tufe la kioo na hewa inaondolewa. Ndege mwenyewe ni mdogo na yuko juu kabisa. Huruma yote imewekwa nyusoni mwa watu, wanaomulikwa na mshumaa mmoja uliofichwa mezani. Msichana mmoja amefunika macho, mdogo wake anatazama juu kwa woga, wapenzi wawili wanaangaliana wao kwa wao, mzee ameinama akiwaza. Mkono wa mtaalamu uko kwenye vali juu ya tufe: akiifungua, ndege atapona. Hajaifungua bado.

Tazama jinsi mtu asiyejali anavyoongeza uchungu. Wangekuwa wote wanalia, sisi tusingekuwa na la kufanya. Kwenye picha yako mchinjaji afanye kazi yake kwa utulivu, kama wachinjaji wanavyofanya. Usimpe uso wa ukatili, kwa sababu uso huo utamgeuza yeye kuwa habari, na mbuzi atasahaulika. Mtoto mmoja aliyeshika kamba na kutazama pembeni anatosha. Chanzo cha mwanga kiwe kimoja. Mboni ya mbuzi ni mstatili wa kulala, na akiinamisha kichwa jicho huzunguka ili mstatili ubaki sambamba na ardhi. Ukiuchora umeinama pamoja na kichwa, mbuzi ataonekana amejazwa pamba.

Mtindo wa Tingatinga unaweza kubeba huzuni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Unaweza. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza na mnyama mmoja juu ya hadibodi, rangi ya kung'aa ya makopo, nyuma pakiwa patupu, na uwazi ule ni mtaji. Ugumu ni mng'ao na madoadoa, ambavyo husema furaha. Punguza rangi ziwe tatu, acha madoadoa yaishie mahali kidonda kinapoanza, na mfanye mnyama asijaze ubao. Ukimzungushia maua, umeshindwa.

Nikimkuta mnyama ameumia barabarani, ni sawa kumpiga picha ili nikamchore? (Msomaji, Kampala)

Kwanza msaidie: mwondoe njiani kama ni salama, mtafute mwenye mali au daktari wa mifugo. Baada ya hapo picha mbili au tatu hazina ubaya, mradi usimsogeze wala kumgeuza ili mkao upendeze. Na usimsumbue mnyama mzima ili akupe sura ya hofu. Hofu ya kuchokozwa si sawa na maumivu, na kwenye kanvasi hujulikana: macho yanaonyesha weupe, misuli yote imejikaza, ilhali anayeumia muda mrefu hulegea sehemu moja na kukaza nyingine.

Kilicho bora kuliko picha moja ni kuujua mwili. George Stubbs wa Uingereza alikaa miezi 18 kijijini Horkstow akipasua maiti za farasi na kuchora tabaka kwa tabaka, kisha akachapisha michoro hiyo mwaka 1766. Wewe huhitaji kufika huko. Machinjio ya mji wako, kwa ruhusa, yatakuonyesha kwa asubuhi mbili jinsi bega linavyoshikana na mbavu na mahali mshipa wa shingo unapopita.

Ujuzi huo hufanya kazi hata pale ambapo aliyeagiza hakutaka huruma. Kwenye kasri la Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, huko Ninawi, karibu mwaka 645 hadi 635 kabla ya Kristo, mafundi walichonga ukutani mfalme akiua simba. Kazi ilikuwa ya kumtukuza. Mmoja wao alichonga simba jike mwenye mishale mgongoni. Mshale umeingia kwenye uti, na tangu hapo kwenda nyuma mwili umekufa: miguu ya nyuma inaburuzwa, imenyooka, vidole vimelegea. Miguu ya mbele bado inasukuma ardhi, shingo imeinuka, kinywa kiko wazi. Kipande hicho kiko British Museum, London. Ukipata nakala yake, weka kidole pale mshale ulipoingia, kisha fuata mstari wa mgongo kwenda mbele, halafu kwenda nyuma, uone fundi alivyobadilisha kila msuli kuanzia hapo.